Tathmini ya kozi ya mtandaoni kuhusu jamii yenye haki

Nimeimaliza kozi hii ya masomo manane yaliyorekodiwa, inayoeleza namna wanafalsafa na dini za Mashariki walivyoifikiria jamii yenye haki, na ninaipendekeza, ingawa ina kasoro nisizoweza kuzinyamazia.

Masomo ya mwanzo yanamhusu Plato, aliyeona haki kuwa ni kila tabaka kutimiza kazi yake bila kuingilia ya wengine, na John Rawls, ambaye mwaka 1971 alipendekeza kanuni za jamii zichaguliwe na watu wasiojua kama wao wenyewe ni matajiri au maskini. Yameelezwa vizuri, lakini aliyewahi kusoma falsafa hatapata jipya.

Utamu wa kozi uko katika somo la tano. Mwalimu anaisoma polepole simulizi ya kale ya Kibudha juu ya mfalme aliyewalinda raia wake lakini akaacha kuwagawia mali wasionacho. Umaskini unaenea, mtu anaiba kwa njaa, na mfalme anampa mtaji. Wengine wakisikia hivyo nao wanaiba, ndipo mfalme anapoamuru mwizi mmoja akatwe kichwa, na raia, kwa kuiga mkono wa dola, wanajifulia panga na kuanza kuvamia vijiji. Nililisikiliza somo hilo mara tatu. Sijaona mahali pengine ambapo chanzo cha ujambazi kimewekwa mlangoni pa ikulu kwa uwazi kiasi hicho.

Ndiyo maana somo la mwisho liliniudhi, kwa kuwa linadai kwamba Magharibi ilishughulikia sheria na taasisi, huku Mashariki ikishughulikia utulivu wa nafsi tu. Zaidi ya hayo, mfumo wa matabaka wa Kihindu umepitiwa kwa dakika chache kama mgawanyo wa kazi, na B. R. Ambedkar hatajwi kabisa: mtu aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, na ambaye tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakiitwa wasioguswa, yaani waliotengwa chini ya matabaka yote, akiukataa mfumo huohuo. Kuzungumzia haki katika dini hizo bila yeye ni kuwanyamazisha walioumizwa.

Anayejiandikisha aanze na somo la tano, kisha ndipo arudi kwa Plato.