Suruali ya mtumbwini na porini: ipi ununue soko la Mwanjelwa, Mbeya, na ipi uiache ikining'inia

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Matema, kule Kyela, kupiga kasia, suruali moja inapitia hali ya hewa za aina zote ndani ya siku moja. Uyole asubuhi baridi, ukishuka Tukuyu mvua ipo tu inakusubiri, af ukifika Ziwa Nyasa uko mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, joto na jasho, na unaingia kwenye mtumbwi wa gogo ambao chini maji hayakosekani hata uyachote vipi na wewe ndo umekaa hapo hapo. Jioni unapanda tena mpaka Mbeya mita 1,700 na dirisha la Kosta halifungi vizuri. Kama suruali bado mbichi utaijua baridi ya Isongole.

Kwa hiyo wadau, kabla hujaangalia rangi, mifuko wala jina la kampuni, tafuta kile kilebo kidogo cha ndani, huwa kiko ubavuni kushoto au nyuma kiunoni. Hicho ndo kinakwambia unanunua nini. Muuzaji yeye atakwambia "kaka hii ya Ulaya hii, original", sawa, lakini Ulaya nako wanavaa pamba. Kikiandikwa nylon au polyamide ni nailoni, kitu kilekile. Polyester ni poliesta. Cotton ni pamba, na kwa kuwa baadhi ya mabelo ya mitumba yanatoka Ujerumani utakutana na Baumwolle, nayo ni pamba, usije ukadhani ni teknolojia mpya. Elastane, spandex na Lycra ni ile lastiki ya kufanya nguo ivutike, asilimia 3 mpaka 5 inatosha, ikizidi sana nguo inachelewa kukauka na ikizeeka inalegea magotini.

Sababu yenyewe iko hivi: pamba inanyonya maji mpaka ndani ya nyuzi, poliesta karibu hainyonyi kabisa, nailoni inanyonya kidogo. Maji ya kwenye poliesta na nailoni yanakaa juu juu katikati ya nyuzi, ukikamua na ukakaa kwenye upepo yanaondoka. Ila unene nao una kesi yake, suruali nene ya poliesta inaweza kukuchelewesha kuliko nyembamba yenye pamba kidogo, so lebo peke yake haitoshi, shika kitambaa ukisugue na vidole.

Haya, kwa mpangilio wangu.

Namba moja, na sioni mpinzani, ni suruali ya nailoni ya wapanda milima, ile nyepesi isiyong'aa, ya mtumba. Nailoni inavumilia msuguano kuliko poliesta, na mtumbwini msuguano ndo adui yako mkubwa, unakaa kwenye mbao au gogo lililochongwa kwa tezo, unajigeuza kulia kushoto kila unapopiga kasia, makalio ya suruali yanasagika. Ukiona kitambaa kina viboksi vidogo vidogo vya uzi mnene chukua, vile viboksi vinazuia mchaniko usikimbie, mwiba ukitoboa inabaki tundu dogo badala ya kupasuka mpaka gotini. Zipo za zipu gotini, unafungua zipu unatoa miguu zinakuwa pensi, na kwa Kyela zinafaa kweli kweli, mchana pensi, jioni mbu wakianza unarudisha miguu. Ila zile zipu za gotini zinasumbua ukipiga magoti muda mrefu, na kipande kimoja cha mguu kikipotea umebaki na pensi moja kwa moja.

Chukua saizi inayopwaya kidogo. Ya kubana inagandana na ngozi ikilowa, haipitishi hewa, halafu mbu wa Kyela anauma juu ya nguo bila wasiwasi.

Sasa ukiipata mwanangu usikimbilie kutoa hela. Mitumba ya masoko ya Mwanjelwa na SIDO ni mizuri ila imeshavaliwa na mtu, na mtu huyo naye alikuwa anakaa. Igeuze ndani nje. Ingiza mkono kwenye makalio uinue juani, ukiona mwanga unapita kwa vitobo vitobo wakati mapajani haupiti, hapo kitambaa kimeshaisha, msimu mmoja tu. Halafu shika pale miguu miwili inapokutana, vuta pande zote mbili kwa nguvu ya wastani, uzi ukiachia bora uachie mikononi mwako kuliko ukiwa unarukia mtumbwini mbele za watu. Suruali nzuri hapo huwa imewekewa kipande cha ziada chenye umbo la almasi badala ya mishono minne kukutana sehemu moja. Zipu ipandishe na kuishusha, ikiwa na maandishi YKK (kampuni ya zipu) kwenye kishikio ni dalili nzuri ingawa sio dhamana. Mwisho mwombe muuzaji udondoshee matone ya maji mawili matatu (chupa ya maji si unayo). Yakisimama kama shanga ujue ile dawa ya kuzuia maji bado ipo, yakizama taratibu pia hamna shida, inakauka vilevile.

Bei inategemea umeenda saa ngapi. Belo likifunguliwa asubuhi unachagua nzuri kwa bei ya juu, jioni unapata kwa kutupa ila zimebaki za kiuno 42 na za watoto. Mimi naona bora asubuhi.

Namba mbili watu hawaifikirii: nenda duka la vitambaa ununue tetroni ya sare za shule au ile ya mchanganyiko, poliesta 65 pamba 35, ya ovaroli, mpelekee fundi cherehani. Haikauki haraka kama nailoni ila haichukui siku nzima, haichubuki, na unashonewa kwa vipimo vyako. Mwambie fundi arudie mshono mara mbili sehemu za kukalia, aweke kiraka cha kitambaa hichohicho magotini na makalioni, na mifuko ya ndani aweke neti badala ya kitambaa ili maji yatoke, mfuko wa kawaida ukilowa unabaki umebeba maji pembeni ya paja. Kwa akina dada ambao suruali za mtumba za kiume zinawabana nyonga na kupwaya kiuno, hii kwangu inapanda kuwa namba moja, kabisa. Kama unapita vijijini na hutaki maneno, kanga juu yake, ukifika majini unaifunga kwenye begi.

Namba tatu, truksuti ya kuchezea mpira, poliesta tupu. Inakauka haraka kuliko zote hapa, ni nyepesi, na nyumbani unayo tayari. Kwa kwenda na kurudi siku moja hamna haja ya kutumia hela. Shida ni tatu: inavutwa nyuzi na kila kijiti, inashika harufu ya jasho hata ukiifua, na ile yenye manyoya ndani usiiguse maana ikilowa inabeba maji ya kutosha.

Kwa hifadhi ya Kitulo mambo yanabadilika kidogo. Kule juu ni zaidi ya mita 2,600, nyasi zina umande mpaka saa nne na upepo haupoi, kwa hiyo vaa nailoni yako juu na taiti nyembamba ya poliesta ndani. Taiti ya pamba ndani inaharibu kila kitu. Mlima Rungwe pia fanya hivyohivyo, tope la njia ile ya msituni likikaukia kwenye nailoni unalikung'uta tu.

Namba nne, kadeti na kombati za pamba. Ngumu ndiyo, mifuko mingi ndiyo, kwa shamba na kwa pikipiki kipindi cha kiangazi safi sana, na karibu na moto ni salama kuliko nailoni ambayo inayeyuka na kugandia ngozi. Kwenye maji hapana. Zile zenye madoadoa ya jeshi usinunue kabisa, raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa kisheria na JWTZ wameshaonya mara nyingi, kombati ya bei nafuu isije ikakulaza mahabusu.

Mwisho kabisa jinzi. Ikilowa ni nzito, inachubua mapaja, na ukianguka majini kurudi mtumbwini nayo ni kazi. Vaa mjini.

Halafu kuna wanaosema suruali ndefu inakinga kichocho. Ziwani kipo, na vile vijidudu vinaingia kwenye ngozi ukiwa majini, nguo sio kinga ya kutegemea, kwa hiyo usisimame kwenye magugu ya ufukweni kisa umevaa ndefu.

Matunzo ni kidogo. Sabuni ya kawaida, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaacha utando unaofanya kitambaa kishike maji, anika kivulini maana jua kali la muda mrefu linachosha nailoni, na pasi ya mkaa isiikaribie. Mkanda wa ngozi uache nyumbani, nunua wa utepe kama ule wa begi la mgongoni, hapo hapo Mwanjelwa wanauza pembeni ya viatu.