Miezi tisa ya tiba ya kupanda farasi Ilemela: uzoefu wangu kama mzazi

Binti yangu ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo. Misuli ya mapaja yake hukaza kiasi kwamba miguu hupishana kama mkasi. Kwa miezi tisa nimempeleka kila Jumamosi kwenye shirika moja la hisani, upande wa ziwani katika Wilaya ya Ilemela, Mwanza, ambalo huwapandisha farasi watoto wenye ulemavu bila ada. Sisi hugharimia nauli tu.

Nianze na tiba yenyewe, maana hata ndugu zangu waliidhania kuwa ni matembezi ya kumfurahisha mtoto. Farasi anapotembea taratibu, mgongo wake huisogeza nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuizungusha kidogo, karibu sawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu yake. Hivyo mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua huupata mwendo huo mwilini mwake. Joto la farasi, ambalo ni kama nyuzi 38, nalo husaidia kulegeza mapaja. Binti yangu hukalia blanketi nene lililofungwa kwa mkanda wenye vishikio, nami baada ya dakika kumi hivi huona magoti yake yakiachana na visigino vikishuka. Mwezi wa tano aliketi mkekani akachambua dagaa na bibi yake bila kuegemezwa ukutani. Nililia.

Kinachoniumiza ni namna anavyopandishwa. Hakuna jukwaa la kupandia, kwa hiyo kijana mmoja humwinua kwa kumshika makwapani na mwingine huuvuta mguu wake mpaka uvuke mgongo wa farasi. Mtoto wa aina hii akishtuka misuli hukaza maradufu, na sehemu kubwa ya nusu saa yake huishia katika kumtuliza. Jukwaa la mawe na saruji, lenye mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu, linaweza kujengwa na fundi yeyote wa hapa, na mawe Mwanza hayajawahi kutupungukia.

Jambo zito zaidi ni kumbukumbu. Kila mtoto huhitaji mtu wa kumwongoza farasi na wasaidizi wawili ubavuni, lakini wasaidizi ni watu wa kujitolea ambao hubadilika kila baada ya wiki chache, na anayekuja hakuti maandishi yoyote ya aliyeondoka. Jumamosi moja msaidizi mgeni hakujua kwamba upande wa kushoto wa binti yangu ni dhaifu; akamwachia, mtoto akateleza, na mwenzake akamdaka akiwa tayari ameinama nje ya mgongo wa farasi. Nilipoomba faili lake nilikuta fomu ya siku ya kwanza peke yake. Mama mwenzangu, ambaye mwanawe ana sindromu ya Down, hakuwahi kuulizwa kuhusu shingo ya mtoto, ilhali pingili za juu za shingo kwa watoto hao zinaweza kuwa legevu na zinapaswa kuchunguzwa na daktari kabla ya kupanda. Swali la kama mtoto ana kifafa nalo halirudiwi baada ya siku ya kwanza.

Farasi wenyewe wanatunzwa vizuri, na huingizwa bandani kabla ya jua kuzama ili kuwaepusha na visubi, wadudu wadogo wanaouma, ambao hueneza ugonjwa wa tauni ya farasi. Ningependa watoto nao wapate uangalifu wa namna hiyo.

Mratibu, ambaye ni dada msikivu, aliniambia kwamba wafadhili huuliza idadi ya farasi na ya watoto, na kwamba fedha zilizopo zimetengwa kwa ajili ya farasi wa tatu. Nilimwomba ajenge jukwaa kwanza, kisha awalipe posho wazazi wanne au watano wawe wasaidizi wa kudumu, kwa sababu sisi tunaijua miili ya watoto wetu.

Bado tunakwenda. Jumamosi iliyopita nilibeba kauntabuku langu, nikaandika tarehe, dakika alizokaa, na upande aliolemea. Msaidizi mpya aliniomba alisome kabla hajamgusa mtoto.