Semina ya "kinga ya anguko la soko" hapa Dodoma, nyota 2 kati ya 5

Waandaaji siwataji, waliokuwepo watajua. Ukumbi wa hoteli safi, chai na sambusa vipo, msemaji anajua kuongea. Nyota 2 ni za hapo.

Shida ni bidhaa yenyewe. Muda mwingi ni grafu nyekundu tu, 2008 hisa za Marekani zimeporomoka zaidi ya theluthi, 2020 Korona zimeshuka asilimia 34 ndani ya wiki 5 hivi, ukumbi ukishapoa kwa hofu ndo analeta mfuko wao wa nje unaonunua haki za kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hata soko likidondoka. Akamtolea mfano Bill Ackman, mwekezaji mkubwa wa Marekani, dola milioni 27 zikazaa bilioni 2.6 Machi 2020. Ni kweli kabisa, ila yake ilikuwa kinga dhidi ya makampuni kushindwa kulipa madeni siyo hii, tena aliifunga mwezi uleule hela nyingi akazirudisha kwenye hisa, na Agosti soko likawa limeshapita pale lilipokuwa kabla ya Korona. Hayo hakuyasema.

Mama mmoja mstaafu akanyoosha mkono, "Mwanangu, na mwaka ambao soko halijaanguka mimi nalipa nini?" Jamaa akazunguka weee. Jibu liko nyuma ya fomu kwa maandishi madogo, asilimia 2 ya hela yako kila mwaka soko lipande lishuke, na asilimia 20 ya faida ikipatikana. Weka milioni 10, laki 2 imeondoka hata kama hakuna kilichotokea, na zile haki zikiisha muda bila anguko hela iliyozinunua nayo imekwenda. Yani meneja analipwa kwa hofu yako kila mwaka, wewe mpaka balaa litokee.

Mwenye hisa nyingi huko nje sawa, ana cha kukinga. Mstaafu ambaye mafao yake yako benki na hana hisa hata moja New York anakingwa na nini jamani? Hapo ndo nimeumia, maana wazee wetu walikuwa wengi na kalamu ziko mkononi.

Nikauliza leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, nikaambiwa "iko kwenye mchakato". Hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali, zinalipa riba kila miezi 6 na hazihitaji mtu akutishe kwanza.

Wamesema watarudi. Ukienda, chukua fomu usisaini palepale, kaisome nyumbani, anzia ukurasa wa nyuma.