Webasto Air Top 2000 STC: hita ya kulalia lori likiwa limezimwa

Dereva wa semi anayelala Minnesota au North Dakota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Januari hawezi kulala kebini bila moto. Ama aache injini ikiunguruma usiku kucha, ama afunge hita inayojitegemea. Air Top 2000 STC ni hita ya namna hiyo: uzito wake kilo 2.6, kwa kawaida hufungwa chini ya kitanda, huvuta dizeli kwenye tenki la lori lenyewe na kutoa joto la wati 900 hadi 2,000.

Tuanze na mafuta. Injini kubwa ikiwa sailensa, yaani inaunguruma lori likiwa limesimama, hunywa takriban galoni 0.8 kwa saa, yaani lita 3. Katika mapumziko ya saa 10, lita 30 zimekwenda na lori halijasogea hata hatua. Hita hii hunywa lita 0.12 hadi 0.24 kwa saa, kwa hiyo hata ikiwaka kwa nguvu zote mpaka asubuhi haifikishi lita 2.5. Umeme wake ni wati 14 hadi 29. Kwenye mfumo wa 12V hiyo ni kama Ah (ampea-saa) 25 kwa usiku mzima, mzigo mwepesi kwa betri nne zilizo nzima.

Lakini mafuta ndiyo faida ndogo. Injini isiyo na mzigo kwenye baridi kali haishiki joto, na dizeli haiungui yote. Inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda, hupita kwenye ringi na kushuka hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili ikawa nyepesi kabla ya muda wake. Ncha za nozeli zinazopuliza dizeli huota kaboni. Halafu kuna DPF, kile kichujio cha masizi kilichomo kwenye ekzosi za injini nyingi za Marekani tangu 2007. Hujisafisha kwa joto la ekzosi, na kwenye sailensa joto hilo halifikiwi. Masizi hujaa, taa ya dashibodi huwaka, na lori hulazimika kuchoma masizi hayo kwa karibu nyuzi 600, kwa dizeli nyingine tena. Wapo wanaobadilisha sensa mbili tatu kabla ya kuuliza lori linalala likiwa limewashwa saa ngapi.

Ajabu ni kwamba hita nayo huugua ugonjwa uleule. Ikiachwa kwenye moto mdogo kila usiku, chumba chake cha kuchomea hujaa kaboni, ianze kutoa moshi, kisha igome kuwaka. Dawa ni kuiwasha kwa nguvu zote dakika 15 hadi 20 kila wiki, na walau mara moja kwa mwezi hata wakati wa joto. Izime kwa swichi yake na uache feni izunguke hadi isimame yenyewe. Ukikata umeme ghafla, joto lililobaki ndani huiharibu.

Kwenye ufungaji usikubali njia za mkato. Hita ipewe bomba lake la kunyonyea ndani ya tenki. Pampu ifungwe kwenye mpira, mdomo wa kutolea ukielekea juu ili mapovu ya hewa yatoke. Ekzosi ipite nje ya sakafu na ielekee mbali na kebini. Kengele ya kaboni monoksidi ni lazima, maana gesi hiyo haina harufu. Na hita izimwe kila unapojaza mafuta.

Udhaifu upo. Bei ni mara kadhaa ya hita za Kichina zinazoandikwa 5 kW (wati 5,000), ingawa wati 2,000 za kweli zinatosha kebini ya kawaida. Juu ya mita 1,500 hewa ni nyepesi na hita hutoa masizi zaidi. Anayezunguka Colorado au Wyoming muda mrefu aombe fundi airekebishe, na anayetaka kuipeleka nyumbani kwa ajili ya baridi ya Njombe au Timboroa afanye vivyo hivyo. Dizeli ikiganda, hita nayo inazimika.

Tena hupasha kebini tu, si bloku ya injini. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, chomeka hita ya bloku kwenye umeme saa mbili tatu kabla ya kupiga stata.