Songbird ya Eva Cassidy: wiki tatu juu ya cherehani

Binti wa kaka yangu anasoma chuo hapa Mbeya. Mwezi wa sita, ile baridi ya kushona umevaa masweta mawili, alipita kibandani kwangu Mwanjelwa akaniwekea albamu kwenye simu. "Shangazi, wewe si mwanakwaya? Msikilize huyu." Nikajua ni mambo yao ya vijana. Alipoondoka nikawasha spika, nikaendelea kupinda pindo la sare za shule. Ulipofika wimbo wa tatu nilikuwa nimeondoa mguu kwenye pedali.

Mwimbaji ni Eva Cassidy, Mmarekani. Alifariki Novemba 1996 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 33 tu. Albamu yenyewe ilitoka 1998, kwa hiyo hakuiona. Ilikaa kimya hadi redio ya BBC kule Uingereza ilipoanza kuzipiga nyimbo zake, na mwaka 2001 ikashika namba moja huko. Alipokuwa hai, kampuni za muziki zilitaka achague aina moja ya muziki ili wajue wamuuze wapi. Yeye akataka vyote: jazi, bluzi, injili, pop, na nyimbo za asili za kwao.

Na ndivyo albamu ilivyo. Nyimbo 10, karibu zote zilishaimbwa na wengine kabla yake. Wa kwanza, Fields of Gold, ni wa Sting, mwanamuziki wa Uingereza, na unataja mashamba ya shayiri. Mimi niliona ngano ya Makete inavyolala upepo ukipita. Ni gitaa lake na sauti yake, basi. Wa pili, Wade in the Water, waliuimba watumwa weusi wa Marekani. Nilimsikilizisha mwalimu wetu wa kwaya, akakunja uso: "Mbona kaugeuza?" Sisi tukichukua wimbo wa kwaya nyingine tunaukopi mpaka pale walipovuta pumzi. Huyu anauchukua wimbo kama ninavyochukua gauni la mtu: anafumua kwanza, ndipo anashona upya kwa kipimo chake.

Sasa kuna jambo lililonigusa zaidi ya yote. Fields of Gold, Autumn Leaves na People Get Ready zilirekodiwa mbele ya watu katika klabu ya Blues Alley, Washington, Januari 1996. Walipanga siku mbili. Siku ya kwanza mitambo ikaleta shida, ukabaki usiku mmoja wa kutumia, na usiku huo Eva alikuwa na mafua. Hakuipenda sauti yake. Nimerudia nyimbo hizo tatu sijui mara ngapi nikiyatafuta mafua hayo, siyasikii. Anayeishi Mbeya anajua mafua ya Julai yanavyomgeuza sauti ya kwanza kuwa debe tupu.

Kasoro zipo. Nyimbo zimeokotwa kutoka albamu zake tatu tofauti, na inajulikana: hapa unasikia makofi ya watu, pale ukimya wa studio, mara sauti inapanda ghafla mpaka jirani yangu wa viatu anagonga ukuta. Time Is a Healer sikuupenda, vyombo vimemfunika. Na usijaribu kusikiliza mtandaoni ukiwa njia ya Tukuyu. Ukishapita Uyole mtandao unakatikakatika, pakua kabisa ukiwa mjini. Kwangu ni nyota nne, na ya tano nainyima kwa sababu ya mpangilio, si yeye.

Wa mwisho, Over the Rainbow, mteja mmoja aliyeleta kitenge alisimama mlangoni hadi ukaisha, ndipo akauliza huyo ni wa kwaya gani.

Swali hilo lilinichoma, maana mwenzetu aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza alifariki mwaka juzi. Alichoacha ni vipande vya mazoezi kwenye simu zetu, vingine vina kuku, vingine watoto wanalia. Kwayani tumegawanyika. Kuna wanaotaka tuvikusanye tutoe albamu, na kuna wanaosema alichukia kurekodiwa, tumwache apumzike. Mimi nilikuwa upande wa pili. Lakini Eva naye hakuupenda ule usiku wa mafua, na ndio ninaousikiliza kila asubuhi nikifungua kibanda.

Juzi nikampigia binti wa marehemu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anacho kimoja ambacho hatujawahi kukisikia: mama yake anaosha vyombo huku anaimba, hajui kama anarekodiwa. Atanitumia akipata bando.