Mfumo wa mauzo wa mtandaoni ulioandika deni la fundi mara mbili

Nianze na SMS, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike tathmini hii ya mfumo tunaoutumia dukani kwetu kuandikia mauzo, stoo na madeni. Fundi mmoja wa Chamwino alichukua kwa mkopo mifuko 20 ya saruji, mfuko 17,000, jumla 340,000. Jioni mfumo ukamtumia ujumbe wa kumkumbusha deni: 680,000. Mtu anayelipa kila akimaliza kazi bila kusukumwa, leo anadaiwa mara mbili, tena kwa ujumbe wenye jina la duka letu!

Siku hiyo mtandao kwenye duka letu la Majengo ulikuwa unakuja na kukata. Kwa kuwa kumbukumbu zote za mfumo wa aina hii zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni inayouza mfumo, mtandao ukikata kompyuta ya kaunta inatakiwa ihifadhi mauzo yenyewe, kisha iyatume ukirudi. Yetu iliyatuma. Seva ikapokea, ikaandika, lakini kabla jibu la kupokea halijafika kaunta, mtandao ukakata tena. Kaunta ikaona haijajibiwa, ikatuma upya, na seva ikaandika kama mauzo mapya. Dawa ya ugonjwa huu inajulikana na wala si ngumu: kila muamala upewe namba yake ya pekee palepale kaunta, kabla haujatumwa, ili seva ikiiona namba hiyo imerudi iikatae. Kwenye mfumo huu namba inatolewa na seva baada ya kupokea. Ukituma mara tatu, utapata namba tatu.

Ushahidi uko kwenye ripoti ya miamala. Na. 1147 na Na. 1148: mteja mmoja, mifuko 20 ileile, keshia mmoja. Muda wa kaunta kwa zote mbili ni 15:42:07. Kinachopishana ni muda wa kupokelewa kwenye seva, dakika sita. Mkono wa mtu hauwezi kuingiza mauzo mawili ndani ya sekunde moja. Nikapiga picha ya skrini, nikazungushia hizo saa kwa rangi nyekundu, nikawatumia huduma kwa wateja.

Jibu likaja WhatsApp: "Bosi, mfumo haukosei. Fuatilia keshia wako."

Basi. Binti wa watu anaitwa mwizi na mtu ambaye hata ile picha hajaifungua. Nilikuwa nimeshapanga kutoa nyota nne. Nikashusha hadi mbili papo hapo.

Na tatizo haliishii kwenye deni. Stoo nayo ilikatwa mara mbili, mfumo ukaonyesha imebaki mifuko 6 wakati ndani kuna 26, ukaanza kudai tuagize. Sisi risiti za TRA (Mamlaka ya Mapato) bado tunazitoa kwenye mashine ya pembeni, kwa hiyo risiti ilitoka moja tu. Aliyeunganisha mfumo na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ana kazi zaidi, kwa sababu ndani ya 340,000 hiyo kuna VAT ya 51,864 (zidisha kwa 18, gawa kwa 118), na risiti ikishatoka huifuti kama mstari wa kaunta buku. Itabidi uandike marekebisho yenye uthibitisho, na ritani ya VAT inasubiriwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Lakini mfumo niupe haki yake. Bei ya saruji ikipanda unabadilisha mara moja tu, maduka yetu ya Majengo na Nzuguni yanaiona saa hiyohiyo. Kompyuta ya kaunta ikiungua umeme unaporudi kwa kishindo, unaingia kwa simu na kuendelea kuuza, hakuna faili la Excel la kulilia. Kwenye nondo ndiyo kabisa nimeupenda. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani moja ni kama vipande 94. Unanunua kwa tani, unauza kwa kipande, mfumo unabadilisha wenyewe. Ila usiweke 100 kwa kurahisisha hesabu. Kila tani stoo itakuonyesha vipande sita ambavyo havipo, na atakayesumbuliwa ni huyohuyo keshia.

Ada ni kwa dola, kwa kila mtumiaji. Shilingi ikiyumba nayo inapanda.

Anayetaka kununua asidanganyike na maonyesho ya ofisini kwao, kwenye Wi-Fi isiyokatika. Chukua simu mbili, weka bidhaa moja yenye stoku ya 5, zima data kote, uza 4 kwa kila simu, kisha washa. Mfumo mzuri utakupigia kelele kwamba umeuza 8 wakati zilikuwepo 5. Mbovu utaandika hasi 3 na kunyamaza. Halafu uza tena, na wakati inatuma uwashe na kuzima data mara nne, tano, uhesabu miamala. Waambie pia wakuonyeshe unavyotoa bidhaa, mauzo na madeni yote kwa Excel. Wakikupa PDF peke yake, siku ukitaka kuhama utaandika upya kwa mkono. Sisi tunatoa Excel kila Jumamosi kabla ya kufunga. Weka na ruta yenye laini za mitandao miwili tofauti, kwenye UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika). Itapunguza kukatika, ila si kinga kamili: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipoharibika, mitandao mingi ilisuasua kwa pamoja.

Na ule ujumbe wa deni wa moja kwa moja uzimeni. Deni litumwe na mtu aliyelisoma.

Niliposema nyota mbili nilikuwa nafikiria mfumo peke yake. Nikirudia kusoma ule ujumbe wa WhatsApp naona hata mbili ni nyingi. Hitilafu ya programu inarekebishika, na pengine wiki ijayo wataitengeneza. Deni la fundi tumelirekebisha wenyewe kwa mkono, tukampigia kumwomba radhi, akapokea vizuri. Keshia hajaombwa radhi na mtu yeyote wa kampuni ile mpaka leo. Nyota moja.