Kiazi cheupe au cha rangi ya chungwa kwa mtoto?

Sokoni Busia, upande wa Uganda, mama mwenye mtoto wa miaka mitatu akiwa na mazoea ya viazi vitamu vyeupe, namwelewa. Cheupe kikichemshwa huwa kikavu, kinashibisha, na nyumba nzima imekizoea. Ila vitamini A karibu hakina kabisa, na mtoto akiikosa macho hudhoofika na maradhi humwandama.

Cha rangi ya chungwa ni laini, kina majimaji. Watu wazima hulalamika. Watoto wengi hukipendea ulaini huohuo. Gramu 100 za kiazi hicho kilichochemshwa huzidi mahitaji ya mtoto huyo ya vitamini A kwa siku, yaani mikrogramu 300. Mbegu zipo hapahapa: aina za Kabode na Vita zilitolewa nchini mwaka 2007, na mtafiti Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016 kwa kazi ya kuzalisha viazi hivi. Mpe na mchuzi wa karanga, maana bila mafuta vitamini hiyo hainyonywi vizuri mwilini.

Kwa kukuza kimo, vyote viwili ni dhaifu: protini na zinki ni kidogo mno. Mwaka 2016, watoto 29 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Uganda walikuwa wamedumaa. Hapo panahitajika maharage au mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Mimi ningechukua cha chungwa, na chenji niinunulie mukene wa kusaga.